Mchezo unaokuuliza: Wewe ni nani, na kazi yako ni gani?

Huenda, msomaji, umewahi kuingia sebuleni Jumapili alasiri ukamkuta mwanao na wenzake wanne wameizunguka meza, kila mmoja na karatasi na penseli, na katikati yao dadu za ajabu: moja ina nyuso nne, nyingine nane, nyingine 20. Hakuna ubao, hakuna kete wala karata. Mmoja anasimulia habari za pango lenye giza na wengine wanamsikiliza kwa makini ambayo mwalimu wao wa hesabu angeyaonea wivu. Mara msichana wa jirani, ambaye kwa kawaida hata salamu huitoa kwa sauti ya chini, anapiga meza na kusema: "Mimi ni dwafu, tena ni padre, na mlango huo nauvunja!"

Usishtuke. Hajarukwa na akili. Anacheza mchezo wa kuigiza kwa mdomo na dadu, ambao ulianzia Marekani na ambao jina lake maarufu zaidi ni Dungeons & Dragons. Mmoja wa wachezaji huwa msimamizi: yeye ndiye anayeeleza mahali palivyo, nani yuko nyuma ya mlango na nini kimetokea. Waliobaki huwa na mhusika mmoja mmoja, na kila mtu husema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa la bahati nasibu, kwa mfano kuvunja mlango, dadu ndiyo inayoamua. Hakuna mshindi. Mchezo waweza kuendelea wiki hadi wiki kwa miaka, kama vile hadithi za bibi zisizokwisha usiku mmoja.

Lakini kabla ya pango, kabla ya mlango, kila mchezaji lazima ajibu maswali mawili: mhusika wako ni wa mbari gani, na kazi yake ni ipi? Maswali haya yanaonekana mepesi. Hata hivyo, yamewagombanisha wachezaji kwa miaka 50, na ukiyafuatilia utaona kwamba ugomvi wenyewe si mgeni kwetu hata kidogo.

Mchezo ulichapishwa mwaka wa 1974 na wanaume wawili wa eneo la Maziwa Makuu ya Marekani. Gary Gygax, wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, alikuwa amepoteza kazi katika kampuni ya bima na akawa anatengeneza viatu nyumbani. Dave Arneson alikuwa kijana wa Minnesota. Wote wawili walipenda michezo ya vita ya kupanga wanajeshi wa kuchezea mezani. Jambo jipya walilolifanya ni kumwambia mchezaji: badala ya kuamuru jeshi zima, uwe mtu mmoja tu. Walitoa visanduku 1,000 vya kwanza, kila kimoja kikiwa na vijitabu vitatu.

Mtu huyo mmoja alizaliwa kwa dadu. Ulirusha dadu tatu za kawaida, ukajumlisha, na jumla ikawa kipimo cha nguvu zako. Ukarusha tena kwa akili, tena kwa hekima, tena kwa ustahimilivu wa mwili, tena kwa wepesi, na mwisho kwa mvuto wako mbele ya watu. Jumla ndogo kabisa ni 3 na kubwa kabisa ni 18. Fanya hesabu utaona kwamba nafasi ya kupata 18 ni moja kati ya 216, na ya kupata 3 ni hiyo hiyo. Wengi huangukia 10 au 11, yaani watu wa kawaida kama mimi nawe. Hukuruhusiwa kuchagua namba hii iende wapi. Ulichopewa umepewa, na kwa hicho ndicho ulichotafutia kazi.

Kazi zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mwanamazingaombwe na padre. Mpiganaji haelezwi sana. Anavaa chuma na kutangulia mbele. Mwanamazingaombwe ni msomi. Napenda wazazi walielewe hili, kwa maana wakisikia neno mchawi wengine huzima taa na kuita maombi. Huyu wa mchezoni ni mtu wa vitabu, anayekesha akijifunza maneno ya ajabu na kuyakariri. Mwanzoni mwa safari yake anaweza kufanya zingaombwe moja tu kwa siku. Akishalitumia, limemtoka kichwani mpaka akasome tena kesho yake, sawa na mwanafunzi na somo alilolikariri usiku wa kuamkia mtihani. Wazo hili la kusahau lilitoka kwa mwandishi wa hadithi Jack Vance. Hukabidhiwi upanga wala vazi la chuma. Una kisu kidogo na wenzako wa kukukinga. Ukivumilia miaka, unakuwa mtu wa kuogopwa kuliko wote. Ni kazi ya wenye subira, na wengi hufa kabla ya kuifaidi.

Kazi ya padre ilizaliwa kwa sababu ya kuchekesha. Katika mchezo wa Arneson kule Minnesota mchezaji mmoja alikuwa amegeuka mnyonya damu, yule mfu asiyekufa wa hadithi za Ulaya, na hakuna aliyemuweza. Ikabidi atengenezwe mtu wa dini wa kupambana naye. Ndiyo maana mpaka leo padre wa mchezoni hufukuza wafu wanaotembea na kuponya majeraha. Katika kanuni za zamani alikatazwa silaha zenye makali, kwa ile imani kwamba mtu wa dini hapaswi kumwaga damu. Aliruhusiwa rungu, kana kwamba rungu la utosi halimwagi damu!

Mwaka wa 1975 likaongezwa kundi la nne, mwizi: mtu wa kufungua kufuli, kunyata gizani na kugundua mitego. Ukimjua Abunuwasi, nusu ya kazi hii umeielewa. Pamoja naye alikuja shujaa mtakatifu, mpiganaji wa kiapo asiyesema uongo, ambaye katika toleo la 1978 alitakiwa awe na mvuto usiopungua 17. Kwa dadu tatu, nafasi ya kupata 17 au 18 ni moja kati ya 54. Hebu fikiria ni vijana wangapi waliodai kwamba walipata 17 wakiwa peke yao chumbani, bila shahidi.

Katika toleo la mwaka wa 2024 kazi zimefika 12. Wamo manju, msitu-msitu anayefuata nyayo, mtawa apiganaye kwa mikono mitupu, na hata mtu aliyefunga mkataba na nguvu asizozijua vizuri, kama vile mkopo wa riba. Na bado hazitoshi. Mchukue Fumo Liyongo wa pwani yetu, ujaribu kumwandika kwenye karatasi ya mhusika. Ni mpiga mshale asiyekosa: basi ni mfuata nyayo. Ni mwenye nguvu za kutisha: basi ni mpiganaji. Lakini alitoka gerezani kwa utungo, ulioelekeza nyumbani watie tupa ndani ya mkate, akakata minyororo huku ngoma zikirindima nje: basi ni manju. Msimamizi atakwambia uchague moja kwanza na nyingine uiongeze baadaye. Ni jibu la haki, ingawa Liyongo mwenyewe angelicheka. Kuna michezo mingine iliyoliona tatizo hili mapema. RuneQuest, uliotoka mwaka wa 1978, haukuwa na kazi za kuchagua kwa namna hii. Ulichokitumia mara kwa mara ndicho ulichokuwa hodari nacho.

Kwa nini basi kazi zisiondolewe tu? Kwa sababu zinawafanya watu wahitajiane. Mpiganaji hawezi kufungua kufuli, mwizi hawezi kuponya jeraha, padre hawezi kuwasha moto kwa neno. Ukiketi kwenye meza ambayo wote watano wamechagua upiganaji, utaona jinsi mlango mmoja uliofungwa unavyoweza kuwameza jioni nzima.

Sasa tuje kwenye swali la mbari, ambalo ndilo lenye moto.

Mwaka wa 1974 mchezaji aliweza kuwa binadamu, elfi, dwafu au hobiti. Nimeyaacha majina haya yalivyo kwa makusudi. Ukisema "mbilikimo" badala ya dwafu, unawataja watu halisi wa misitu ya Kongo ambao hawana ndevu hadi kiunoni wala hawachimbi dhahabu chini ya milima ya hadithi. Na elfi usimchanganye na elfu moja: ni kiumbe mrefu wa umri, mwepesi, mwenye masikio yaliyochongoka. Hobiti ni mtu mfupi mpenda chakula, aliyebuniwa na J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 1892. Wenye haki za vitabu vyake walilalamika, na mchezo ukalazimika kumbadilisha hobiti jina, ingawa tumbo lilibaki lile lile.

Mbari ilikupa zawadi. Dwafu aliona gizani na hakudhurika upesi kwa mazingaombwe. Elfi aliweza kupigana na kufanya mazingaombwe pia. Lakini kulikuwa na bei. Kila mhusika hupanda madaraja kadiri anavyopata uzoefu, na kwa binadamu ngazi haikuwa na mwisho. Dwafu mpiganaji aliishia daraja la 6. Hobiti aliishia la 4. Elfi aliishia la 4 katika upiganaji na la 8 katika mazingaombwe. Wacheze miaka kumi, wamuue joka, waokoe ufalme: pale pale. Na dwafu hakuruhusiwa kabisa kuwa mwanamazingaombwe, hata akipata 18 ya akili, ile ya moja kati ya 216.

Gygax hakuficha sababu. Alitaka ulimwengu wa mchezo uwe wa binadamu, na aliona kwamba bila vizuizi hivyo kila mtu angechagua elfi. Ni hoja ya mtengeneza mchezo, nami naielewa. Hata hivyo, mtoto wa miaka 13 aliyeketi na karatasi yake hakuiona hoja hiyo. Aliona kitabu kinachosema: kwa sababu ya ulikozaliwa, hapa ndipo mwisho wako. Nasi tunaijua vyema adha ya mtu kuulizwa jina lake la pili kabla ya kuulizwa anachokiweza.

Kilichonichekesha nilipozisoma kanuni za 1978 ni kwamba kazi moja ilikuwa wazi kwa karibu mbari zote bila kikomo cha daraja. Kazi hiyo ni wizi. Dwafu, elfi, mfupi yule aliyekuwa hobiti, wote waliweza kupanda hadi juu kabisa wakiiba. Wezi hawakuwa na ukabila.

Kitabu hicho hicho kiliweka pia kikomo kwa wanawake. Mhusika wa kike, hata akiwa binadamu, hakuweza kufikia kiwango cha juu kabisa cha nguvu ambacho wa kiume alikifikia. Katika mchezo ambamo mijusi huruka na kutema moto, mtu aliona ni lazima ukweli ulindwe kwenye misuli ya mwanamke! Kanuni hiyo iliondolewa katika toleo la 1989.

Kulikuwa na toleo jingine rahisi, la 1981, lililotungwa kwa ajili ya wanaoanza, ambalo lilikwenda mbali zaidi: lilifanya mbari yenyewe kuwa kazi. Ukiwa binadamu ulichagua upiganaji, upadre, wizi au mazingaombwe. Ukiwa dwafu, kazi yako ilikuwa kuwa dwafu. Basi. Wapo wazee wa mchezo wanaolisifu toleo hilo hadi leo kwa wepesi wake, na kweli mtoto hulielewa kwa dakika kumi. Lakini kaa ukifikiria maana yake: binadamu ana taaluma, mwingine ana kabila tu.

Mwaka wa 2000, baada ya mchezo kununuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, vikomo vyote vikafutwa. Mbari yoyote, kazi yoyote, hadi daraja lolote. Dwafu mwanamazingaombwe akazaliwa rasmi, akiwa amechelewa miaka 26. Kilichobaki kilikuwa nyongeza na makato. Nusu-orki, yaani mtoto wa binadamu na orki, yule kiumbe mkali wa hadithi za Tolkien, aliongezwa 2 katika nguvu, akakatwa 2 katika akili na 2 katika mvuto. Hapo ndipo baadhi ya wachezaji, wakiwemo Wamarekani weusi, walipouliza swali ambalo huenda nawe umeshaliuliza: maneno haya, mwenye misuli lakini hana akili wala ustaarabu, tumeyasikia wapi? Aidha, kulikuwa na elfi wa chini ya ardhi, ambao ngozi yao ni nyeusi na jamii yao ikaelezwa kuwa ya uovu.

Iliwachukua wenye mchezo muda kujibu. Mwezi Juni 2020 kampuni ilikiri hadharani kwamba viumbe hao walikuwa wameelezwa kwa namna inayokumbusha jinsi watu halisi walivyodharauliwa na wanavyodharauliwa. Mwaka huo huo kitabu kipya kiliruhusu mchezaji kuhamisha nyongeza zake apendavyo. Mwishoni mwa 2022 ikatangazwa kwamba hata lile neno la Kiingereza lenye maana ya mbari, ambalo ndilo shina la maneno yao ya ubaguzi wa rangi, litaondolewa na mahali pake patumike spishi. Toleo la 2024 lina spishi kumi, na orki ni mmoja wao, amehesabiwa pamoja na wengine bila kukatwa akili.

Si wote waliofurahi. Wapo wanaosema kwamba dwafu asiyetofautiana na elfi ni binadamu aliyebandikwa ndevu, na kwamba raha ya mchezo ni kuvaa ngozi isiyokuwa yako, pamoja na shida zake. Mimi nawapa nusu ya haki. Tofauti za mwili zina ladha, na zimebaki: dwafu bado anaona gizani na sumu haimwangushi upesi, yule mfupi mpenda chakula ana bahati, dadu yake ikitua kwenye moja anairusha upya. Ni akili na mvuto wa mtu ambavyo sioni kwa nini vitoke kwenye damu.

Lakini angalia zile nyongeza zimekwenda wapi, msomaji, kwa maana hazikupotea. Katika toleo la 2024 zinatokana na malezi: ulikuwa nani kabla ya safari? Yako malezi 16 ya kuchagua, kuanzia baharia na karani hadi mwanajeshi na mhalifu. Kila moja lina vipimo vitatu unavyoweza kuviongeza. Mtoto wa bwanyenye anaongeza nguvu, akili au mvuto. Mtoto wa mkulima anaongeza nguvu, ustahimilivu au hekima. Akili hayumo! Sisi ambao karo yetu ya shule ilitoka kwenye mahindi na kahawa twaweza kuwa na la kusema hapo. Walioandika wamekimbia kosa la damu wakajikwaa kwenye la shamba. Kwa bahati nzuri, kitabu cha msimamizi kinatoa njia ya kutunga malezi mapya, na msimamizi mwenye busara atamruhusu binti wa mkulima awe mwanamazingaombwe wa kwanza kijijini bila kumpotezea alama.

Kama mwanao anataka kuanza, mambo machache. Mwache achague kazi kabla ya spishi, kwa kuwa kazi ndiyo atakayoifanya kila zamu ya mchezo. Kwa mara ya kwanza mpiganaji au mwizi ni rahisi. Anayetaka mazingaombwe ajue kwamba atasoma kurasa nyingi. Msikubali padre alazimishwe kwa mchezaji mpole kuliko wote, jambo linalotokea sana, eti kwa sababu lazima mtu awaponye wengine. Yule msichana wa jirani alijichagulia mwenyewe, na ndiyo maana mlango ulivunjika. Wala usimzuie kijana wako kuwa mwanamke mchezoni, au binti yako kuwa orki mwenye meno ya nje. Kujaribu kuwa mwingine ndiyo kazi ya meza hiyo.

Gharama isikutishe. Tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za msingi imetolewa bure kisheria kwenye intaneti, na kijana aweza kuipiga chapa kurasa anazozihitaji tu. Dadu ya nyuso 20 ikikosekana, kateni vipande 20 vya karatasi, mviandike namba 1 hadi 20, mvitie kwenye kopo la maziwa ya unga na kuchomoa kimoja kila zamu, kisha mkirudishe. Watu wanne au watano wanatosha, pamoja na mmoja wenu mwenye kipaji cha kusimulia. Jina la mhusika liandikwe kwa penseli. Wengi hufa kabla ya chai.